Tangawisi Yenye Hapana Tangawisi

Mama,

Niko naandika nimeikala nyuma ya jikoni, ku ile fasi yenye ulikuwa naikala asubui kuchagula maharagi. Udongo ya pembeni ya ukuta iko wazi. Ile muzizi yako haiko tena pale. Mbele ufikiri ni Paluku, kaka yangu, alikuja kuiba, hapana: ni mimi mwenyewe, na jembe yangu, na nguvu yangu yote. Tulia kwanza. Leo hauwezi kunikatiza maneno, donc utanisikiliza mupaka mwisho.

Nimekukasirikia, Mama. Hapa batu banasema mufu habamukasirikie, banamuombea tu. Aka! Mimi nakuombea na nakukasirikia, byote pamoja, na sioni kama kimoja kinazuia kingine. Niko nakata bitunguu, nakukasirikia. Niko nafua, nakukasirikia. Juzi nilitia mu maji buluzi yako ya kuimbia mu korali ya kanisa, ile ya buluu, nikasikia ingali na harufu yako ku kola, nikaitosha mbio mbele sabuni ifike. Kisha nikaipiga chini. Njo vile niko siku hizi.

Habari ya hapa nikupatie, sababu najua utauliza. Malewa yetu ya Kimemi, ile fasi yetu ya kuuzisha chakula hapa Butembo, iko natembea muzuri. Bashofere ba kamyo bangali nakuja kula, bamama ba soko bangali nakuja, na ule muzee wa mashini ya kushona angali nasema bugali ni kidogo na angali naacha sahani nyeupe. Barabara ya Beni siku inafunguka, siku inafungika, vile unaijua. Nyumba yetu kule, jirani anasema mulango iko, madirisha haiko tena. Ku shamba hakuna mutu anatia muguu. Kwa hiyo ile muzizi ya hapa nyuma ya jikoni njo ilikuwa imebaki peke yake. Hakuna ingine, hapa wala Beni. Paluku alijua, na mimi nilijua.

Unakumbuka vile ilifika kwetu? Ulikuwa naingiza mboga ku camp ya basoldat ba kigeni kule Beni, bale ba kofia ya buluu: lenga-lenga, poaro, na birayi ya Masereka. Mupishi wao mumoja, munene, mwenye kucheka bila sauti, alikuwa amepanda majani marefu ya kwao nyuma ya jikoni. Siku moja akachimbua kipande, akakufungia mu karatasi, akakuambia jina yake kwa luga yao. Ukaisema. Akacheka. Akarudilia, ukaisema mubaya zaidi, mupaka mukaachia pale bote babili. Ulirudi nyumbani ukatuambia: «Ni tangawisi ya kwao.» Iko na ngozi nyeupe-nyeupe, iko na mistari ya kuzunguka, iko na bidole, kama hapana tangawisi, itakuwa nini sasa?

Ukaipanda, ikashika, ikajaa. Wakati fete ya korali ilifika, weye njo ulipewa kazi ya jus. Mawe! Ukatwanga ile muzizi yako na nanasi na sukari, ukajaza bidumu, sawa vile tunatengeneza tangawisi yetu ya kila siku. Mama Kavira, rafiki yako wa korali, akabeba kikombe, akakunywa yote mara moja, macho ikamutoka. «Mama Paluku, umetupatia pomade ya kifua?» Pasta alikunywa yake polepole, juu ya heshima. Batoto balienda kutemea nyuma ya kanisa. Ulicheka, Mama, ulicheka mupaka ukaikala chini mu majani na ile buluzi yako safi, na mimi nilicheka mupaka tumbo ikaniuma. Nikikumbuka ile kicheko leo, haraka sana ninakumbuka yenye ilifuata, na inaharibika.

Ile jioni ukaenda kusimama mbele ya yale majani, mikono ku kiuno. «Nilingojea tangawisi, kukakuja ingine. Basi weye ni Kahindo.» Ulinizaa mimi nyuma ya Paluku, na nyuma ya ule Kambale mwenye malaria ilibeba angali mudogo, bote balingojea kijana tena, nikakuja mimi, musichana mwenye kugeuza mustari. Njo jina yangu ikatoka pale, sawa basichana bote ba Banande benye balizaliwa vile. Na sasa ukanipatia ndugu wa majani. Toka ile siku, ukiita «Kahindo!» mu kiwanja, sikujua kama unataka nikuje ao unaenda kukata kipande.

Ulijifunza kuipika peke yako, kwa kuharibisha. Ya zamani inakuwa muti kabisa. Ilivunja kisu yetu, ukaapa hautaigusa tena, kesho yake ukairudilia na panga. Ya mubichi, ile yenye ncha nyekundu-nyekundu, njo ya kutwanga pamoja na bitunguu. Ya zamani ni ya kukata nyembamba sawa kucha, kutia mu muchuzi, kuiacha itoe harufu. Mutu asiitafune, aiweke pembeni ya sahani sawa mufupa. Ule mupishi alikuwa natia maziwa ya kokoti. Kokoti Beni itatoka wapi? Ukatia karanga ya kutwanga, na majani ya sitronele, na pilipili moja nzima bila kuipasua. Samaki ya Kyavinyonge, ile yenye inafikaka kwetu imechoka na safari na inanuka matope, ikiingia mule inasahau ziwa. Harufu yenyewe nashindwa kuisema muzuri: ni mukaliptusi kidogo, ni ndimu kidogo, ni pilipili yenye haina hasira. Mu sombe ya majani ya muhogo, hapana. Ulijaribu, sombe ikakataa. Mu maharagi, kidogo tu, tumbo isivimbe. Mu nyama ya mbuzi, eh Mama, mu nyama ya mbuzi!

Kisha bunduki bikasogea karibu na quartier, na ukakuja kwangu Butembo, kwenye nilikuwa nimehamia mbele yako, na sanduku, Biblia, na kipande ya Kahindo mu kitambaa yenye maji. Baridi ya Butembo haikuipenda. Ikaikala bila kutosha hata jani. Ukaihamisha hapa pembeni ya ukuta, fasi yenye joto ya mbabula yangu inapita mu matofali, ukasema: «Tumuweke mu chumba ya bagonjwa.» Ikaamka. Haikurefuka sawa ya Beni, lakini iliamka.

Na weye pia Butembo ilikupata. Kichwa, shingo, miguu kuvimba. Mama Biira, infirmière wa centre yetu ya afya, akakufunga ile kitambaa yake ku mukono, akaangalia, akaangalia tena, akasema ni tansio, damu inapanda, tena imepanda siku mingi. Bidonge kila siku bila kuruka. Na munyu, kupunguza. Bidonge ulikubali mbio. Ile ya munyu njo ilikuuma. Mutu wa samaki ya munyu sawa weye! Uliikala na hasira mupaka nikafikiri utarudi Beni na miguu. Kisha akili ikakuja: ukatosha munyu, ukaongeza Kahindo. Na muchuzi haikulala. Batu ba malewa habakujua kama kuna kitu imepunguka.

Paluku peke yake njo alijua. Kila akikuja kula: «Mama, inakosa munyu.» Na weye, bila kumuangalia: «Munyu iko Katwe. Panda mutumbwi Kyavinyonge, vuka ziwa, uende kuichota.» Kila mara ile ile, na kila mara alikuwa nacheka, na kila mara alikuwa namaliza sahani.

Mama Biira alitafuta mu telefone yake, akatuambia kwa Kifaransa banaiita galanga, na ni ndugu ya tangawisi kweli. Ulimuuliza kama inaponyesha. Nilikuwa pale, nilisikia kwa masikio yangu. Akasema iko na nyuzi ya kusaidia tumbo, iko na vitamini C kidogo, na fer ya damu kidogo, mais mutu anatia bipande bidogo tu mu muchuzi, donc haiwezi kuwa chakula ya kushibisha wala dawa ya tansio. Faida yake kwako ni moja, inakupatia ladha bila munyu. Njo ukainua mwiko, ukasema: «Basi ni ya sufuria, hapana ya hopitali.» Uliisema weye, Mama. Kwa kinywa yako.

Sasa Paluku.

Sitamuita mutu mubaya. Pikipiki yake ilikuwa imekufa, biashara yake ya telefone ilikuwa imekufa, na alikuwa amechoka kukuja kula kwa dada yake mudogo. Akasikia ule muzee wa mashini ya kushona akisema, toka anakula kwetu, tumbo yake imetulia. Basi, ile neno moja tu. Siku barabara ilifunguka akaenda Beni, akachimbua yote yenye ilikuwa imebaki kule, akakausha ku mabati, akasaga, akatia mu sachet. Mwanzo ilikuwa dawa ya tumbo. Juma yenye ilifuata ikakuwa ya mugongo pia. Kisha ya sukari, kisha ya tansio, kisha ya nguvu ya banaume, na megafone ku soko: «Galanga ya Mama! Galanga ya Mama!» Mara ya kwanza kuisikia ulicheka sawa siku ya jus, na mimi pia nilicheka kidogo. Wakati muzizi haikutosha, alikuwa nachanganya na tangawisi ya kweli, ukacheka tena: «Sasa ni tangawisi njo inajifanya Kahindo.»

Mais batu ba soko hapana bajinga. Bakamuuliza: mama yako mwenyewe, mwenye tunajua ako na tansio, anaitumia? Akakuja kwako jioni, akaikala chini ku miguu yako sawa mutoto. Mimi sikukuwa mu nyumba. Uliniambia weye mwenyewe, bila kujificha, ukiwa nakunja nguo: «Paluku ameniomba. Ni kwa muda tu, mupaka biashara isimame.» Bidonge ukabifunga mu sanduku. Asubui na jioni, kijiko ya ile bunga yake mu maji ya moto.

Nilipiga kelele mupaka majirani bakatoka inje. Nilimuita Mama Biira, akakuja na kitambaa yake, damu iko juu, akakuuliza bidonge, ukamujibu: «Nabikunywa byote.» Ulimudanganya infirmière, weye mwenye ulinichapa juu ya kudanganya habari ya kijiko ya sukari! Nikamuambia mbele yako ile kweli. Ukamusindikiza mupaka ku mulango, muzuri kabisa, na adabu yote, ukarudi ukaniambia: «Kahindo, ule ni mutoto wangu.» Na mimi? Mimi nilikuwa nani mu ile nyumba, mupangaji? Kanisa nzima ilikuwa nakuita Mama Paluku. Hata jina yako ilikuwa ya kwake.

Na ile kiti. Ile kiti ya plastiki nyekundu nitaichukia mupaka nife. Alikuikalisha pembeni ya meza yake ku soko, na buluzi ya korali, batu bakuone. «Mumuangalie! Bidonge ameacha! Mumuangalie uso!» Na weye unatingisha kichwa, unasalimia batu na mukono, unatabasamu. Ulianguka pale pale, muchana, jua iko juu, ku miguu ya batu benye ulikuwa umekuja kubaonyesha kama umepona. Banasema mukono ya kuume njo ilianza kufa, na ulikuwa nataka kusema kitu, mudomo ikakataa. Ulitaka kusema nini, Mama? Nauliza kila mutu mwenye alikuwa pale, na kila mutu ananipatia jibu yake. Ku hopitali balituambia mushipa ya kichwa ilipasuka. Haukurudi tena.

Unajua Paluku alisema nini ku kilio? Alisema balikuloga. Jicho ya batu ba soko, wivu ya biashara. Na batu bakakubali mbio, sababu mulozi unaweza kumutafuta ukamupiga, tansio hauwezi. Nikaendelea kupakulia batu chakula, juu kilio ni kilio. Mbele hata udongo ya kaburi ikauke, sachet mupya ikatoka, na picha yako juu. Ile picha ya korali, unacheka, meno yote inje. Nimekutana na uso yako mu mufereji, imekanyagwa na mapikipiki. Niliiokota, nikaipangusa na kitenge. Nikaokota ingine mbele ya duka ya sima ya kujengea. Kisha nikaacha. Hauwezi kuokota mama yako mu muji muzima.

Nilivumilia, na haikukuwa kwa kupenda. Mais siku moja Mama Kavira, mwenye naye alikimbilia huku toka Beni, aliingia malewa, akaikala, akaomba maji, na nikaona vile alikuwa nashika shingo. Ile kushika niliijua. Nikamuuliza: Mama, bidonge uko nakunywa? Akatosha sachet mu mufuko, akaiweka ku meza, na weye mu picha ukanichekea pale ku meza yangu mwenyewe. Akasema: «Mutoto wangu, kama mama yako ako pale juu, nitakataa namna gani?» Alikuwa nainunua juu ya kukuona, Mama. Juu ya hamu yako tu. Bidonge yake alikuwa ameacha. Niliita motari wa pikipiki, tukapanda bote babili, nimemushika kiuno mupaka kwa Mama Biira, na njia yote nilikuwa nasema mu moyo: huyu hapana, huyu hapana. Balimulaza. Ako muzima leo, na anasema atarudi kuimba. Sauti imepunguka, hasira ya jus iko pale pale.

Njo pale nilikata shauri.

Siku ya kumaliza matanga ilikuwa karibu. Paluku alituma neno: atakuja, atachimbua ile yote ya nyuma ya jikoni juu ile ya Beni imeisha, na mbele ya batu ba kanisa ataeleza vile kazi ya Mama itaendelea. Alisema vile vile, «kazi ya Mama». Asubui ya ile siku nikabeba jembe. Nilichimba yote, hata bile bidole bidogo byenye habijakomaa. Nilipitisha mikono mu udongo kutafuta kama kumebaki kipande, na kila kipande nilitosha. Nililia, ndiyo. Ile kitu ilikuwa na jina yangu. Ya mubichi nilitwanga, ya zamani nilikata sawa kucha, na kisu ikavunjika, Mama, ikavunjika tena! Njo nikacheka peke yangu na makamasi. Samaki ya Kyavinyonge masufuria mazima, karanga, sitronele, pilipili bila kupasua. Majirani balikuja kuuliza ni nini inanukia vile.

Korali iliimba, pasta aliomba, batu bakaanza kula. Paluku akafika na gunia chini ya mukono, akasalimia bazee, akapita moja kwa moja nyuma ya jikoni. Nilisikia hatua yake ikisimama. Akarudi, akaniangalia, akaangalia masufuria, akajua.

Nilisimama mbele ya batu bote. Unanijua, mimi hapana mutu wa kusema mbele ya batu. Nikasema: Mama yetu habakumuloga. Mama alikuwa na tansio. Aliacha bidonge, akakunywa bunga ya muzizi, juu alipenda mutoto wake. Ile muzizi yote, hakuna ingine, njo mumekula sasa hivi, na ni tamu, si ndiyo? Ni ya sufuria, hapana ya hopitali. Mwenye ako na bidonge nyumbani, abikunywe leo. Nikaikala. Bashangazi baliniangalia sawa nimevua nguo. Mumoja akasema kwa Kinande kama dada hawezi kumufanyia ndugu yake vile mbele ya kanisa. Labda ako na haki. Na weye pia nilikuvua pale, najua. Sasa bote banajua kama ulikufa kwa kupenda kwako. Ungekuwa muzima, ungenichapa.

Paluku aliikala na sahani mbele yake, gunia chini ya kiti. Nilifikiri atapindua. Akatia samaki mu kinywa, akatafuna, akatafuna hata bile bipande bya kuweka pembeni. Kitu yenye aliitia mu sachet siku zote, akaiimba na megafone, toka ufe hakuionja mara moja mu sufuria. Kisha akasema polepole, hapana kwangu, kwa sahani:

«Inakosa munyu.»

Mama Kavira akaweka mukono ku mudomo. Na mimi, Mungu anajua sikupanga, kinywa yangu ikajibu peke yake:

«Munyu iko Katwe.»

Hakucheka. Alilia, machozi ikaanguka mu muchuzi, na akamaliza sahani. Kisha akaenda na gunia yake, haina kitu. Sijui kama ameacha. Megafone sijaisikia tena huku kwetu. Pengine amehamia soko ingine, pengine anasaga tangawisi tupu na ungali nacheka juu ya sachet. Akikuja kula nitamupatia chakula. Kusamehe, bado. Na weye pia, bado. Mutoto mumoja alikuomba umusaidie kuuzisha, mwingine alikuomba uishi, na ulisikia mumoja tu.

Sasa mu muchuzi natia tangawisi, na ndimu, na sitronele. Batu banakula, banashukuru. Hapana sawa. Ule muzee wa mashini ya kushona aliacha kijiko, akaniuliza Mama alienda na siri gani. Nikamuambia hakukuwa siri, kulikuwa muzizi. Akaniangalia, akarudilia bugali yake.

Yenye nitafanya ni hii. Kila Jumamosi nitapita kwa Mama Kavira, naye akunywe kidonge yake nikimuangalia, akasirike vile anataka. Munyu ya malewa itabaki kidogo, bakiliya balie. Na sachet yenye uso yako nikiikuta chini nitaiokota, hata kama nilisema nimeacha. Ile ya mwisho sitakuahidi, juu kuna siku nachoka, lakini nitajaribu.

Wasingya, aksanti, Mama, kwa yote ulinifundisha mbele ya moto. Kwa ile ingine tutaonana, na siku ile weye njo utasikiliza maswali, na utajibu bila kunisindikiza ku mulango. Lala sasa. Hapa pembeni ya ukuta udongo ni tupu, na hakuna mutu atakuja tena kuchimba kitu yako. Kahindo amebaki mumoja tu, na huyu hapana wa kuuzisha.

Ni mimi,
Kahindo